Umenunua XR ya mtumba na hujui uanzie wapi? Injini iwe ya mwisho (uzi wa Dodoma)

Mleta uzi (Nzuguni)

Wakuu, habari za majukumu.

Hapa Dodoma siku hizi watu wengi wananunua pikipiki kuukuu za lami na porini: XR na XL za Honda, DT na AG za Yamaha, zile tulizozoea kuwaona nazo mabwana shamba na watu wa miradi. Nyingi zinatoka kwenye minada, zimekaa miaka kwenye uzio wa ofisi zikipigwa jua, na bei yake inashawishi. Mtu anaifikisha nyumbani, inagoma kuwaka au inawaka na kutoa moshi, anaitwa fundi wa jirani, na kitu cha kwanza kufunguliwa ni injini. Baada ya hapo pikipiki inahamia kwenye ndoo, nati hazijulikani zimetoka wapi, na hela inaisha kabla hata breki hazijaguswa.

Mimi nasema hivi: kwa mtu anayejifunza, injini iwe ya mwisho. Nina XR125L niliyoichukua ikiwa haiwaki, nimeishughulikia mwenyewe uani kwa spana za kawaida, na leo inakwenda Hombolo na kurudi. Ninaeleza nilivyopita na kwa nini nilifuata utaratibu huo. Mwenye uzoefu zaidi aongeze, uzi ni wetu sote.

Kwanza mjue chombo chenyewe. XR125L ina injini ya cc 124, mipigo minne, inapozwa kwa hewa, na valvu zake zinasukumwa na fimbo. Hiyo ni ndugu wa damu wa Honda CG125: pistoni ya milimita 56.5 na mwendo wa 49.5, vipimo vilevile. Injini nyingi za Kichina zilizojaa mitaani zilinakili CG, kwa hiyo fundi yeyote wa bodaboda ameshaishika injini ya aina hii hata kama hajawahi kuiona XR, na ringi, gasketi na vitu vidogo vingi havikusumbui kuvipata. Ila usiagize kwa mdomo. Beba kifaa cha zamani hadi dukani, kilaze kaunta karibu na kipya, linganisha matundu, unene na kipenyo. Tairi ya mbele ni inchi 19 na ya nyuma 17, mbele diski, nyuma ngoma, tenki lita 12.

Kabla ya spana, karatasi. Namba ya chesi imegongwa shingoni mwa fremu, namba ya injini iko kwenye kava la chini. Futa grisi, zisome kwa macho yako, zilingane na kadi herufi kwa herufi. Kama ilikuwa ya serikali au ya mradi, yaani namba za STL, DFP na kadhalika, usikubali kupewa funguo na maneno matupu. Unahitaji hati za mnada ili TRA wabadilishe usajili. Angalia pia kama namba ile ina faini za barabarani zisizolipwa. Pikipiki nzuri isiyo na karatasi ni mzigo, hata uitengeneze vipi.

Sasa kazi. Ioshe kwanza, kwa ndoo, brashi na sabuni ya unga. Maji ya mashine yenye nguvu yaelekezwe mbali na beringi za magurudumu, shingo ya usukani na kabureta. Wakati unaosha ndipo unaona nyufa za fremu, mafuta yanapovujia, spoku zilizolegea na nyaya zilizotafunwa na panya. Usiiharakishe hatua hii, kitambaa mkononi kinakufundisha chombo kuliko maelezo ya muuzaji.

Kisha nenda kwenye vitu vinavyokusimamisha na kukuweka barabarani. XR haina stendi ya kati, kwa hiyo tafuta kreti la soda au gogo, liweke chini ya injini hadi gurudumu la mbele lining'inie. Shika gurudumu juu na chini, litikise kwa ubavu. Likicheza, beringi imekwisha. Kisha shika shokapu za mbele kwa chini, vuta na kusukuma: ukisikia mgongano shingoni, beringi za usukani zimelegea au zimekwisha. Zungusha usukani taratibu kushoto na kulia. Kama kuna mahali katikati unakwama kidogo kama unaingia kwenye kijishimo, golori zimechimba njia zake na huwezi kuziponya kwa kukaza, badilisha. Spoku zigonge moja moja kwa spana ndogo: iliyokaza inalia, iliyolegea inatoa sauti iliyokufa.

Breki ya mbele ni mafuta. Tazama rangi kwenye kikopo cha kwenye usukani. Yakiwa ya kahawia nzito au meusi, yatoe yote uweke DOT 3 au DOT 4 kama mfuniko unavyosema. Mafuta haya yanavuta unyevu wa hewani, na pikipiki iliyokaa muda mrefu mafuta yake yana maji. Ukishuka mlima ukiwa umeshika breki sana yanachemka na breki inakuwa laini mkononi. Na tafadhali sana, msiweke oili ya injini au hydroliki nyingine mle. Sili zake zinavimba na utabaki bila breki kabisa. Nyuma, fungua ngoma utazame breki shuu. Lile vumbi jeusi usilipulize kwa mdomo, lifute kwa kitambaa kibichi.

Cheni nayo ina kipimo chepesi. Nenda nyuma kabisa ya sproketi kubwa, shika cheni, ivute kurudi nyuma. Ikiachana na meno kiasi cha kuona nusu ya jino, imekwisha. Meno yakiwa yamepinda kuelekea upande mmoja, nunua seti: cheni na sproketi zote mbili. Cheni mpya kwenye sproketi kuukuu inaliwa upesi, na hela umetupa.

Ninaendelea chini kuhusu vumbi, maana huko ndiko pikipiki za huku kwetu zinakofia.

Mleta uzi (Nzuguni)

Naendelea.

Huku kwetu mvua ni kuanzia Desemba hadi Aprili hivi, miezi mingine yote ni jua, upepo na vumbi. Vumbi hili si la kufuta tu kwenye tenki. Ni chembe za mchanga laini, ngumu kuliko ukuta wa bloku. Zikipita eya klina zinashuka na petroli, zinakwama kati ya ringi na bloku (silinda pistoni inamopanda na kushuka), na kila pistoni inavyopanda zinakwangua. Matokeo yake ni ule moshi wa bluu na injini kukosa nguvu mlimani. Watu wanafungua injini, wanaweka ringi mpya, wanafunga, eya klina ni ileile iliyochanika. Msimu mmoja baadaye moshi unarudi.

Kwa hiyo anzia kwenye njia ya hewa. Toa kiti na kava la ubavuni, fungua boksi la eya klina. Sponji ikimeguka ukiiminya, itupe. Kama bado nzima, ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni. Usitumie petroli, inayeyusha gundi ya viungo vya sponji. Iminye bila kuinyonga, ikauke kivulini. Kisha ipake oili: ya eya klina ukiipata, ya injini kama hakuna. Iminye hadi rangi ilingane pande zote na isidondoshe. Sponji kavu haizuii vumbi la Dodoma, oili ndiyo inayolinasa. Ukingo inapokaa paka grisi nyembamba, hapo ndipo vumbi linapopenda kupenya.

Halafu kagua mpira unaounganisha boksi na kabureta. Ukunje kwa vidole, mwanga wa jua uingie kwenye mikunjo. Jua la huku linaukausha hadi unapasuka kwa chini usipopaona. Ingiza kidole safi kwenye mdomo wa kabureta: kikitoka na vumbi, basi vumbi limekuwa likiingia ndani, na hapo hata usihangaike na ringi kabla ya kuziba njia hiyo.

Sasa kabureta. Yangu ilikuwa haiwaki kabisa, na mafundi wawili walishaniambia injini "haina kompresa", yaani haibani hewa. Nilifungua skrubu ya kutolea petroli chini ya bakuli, nikakinga kwenye chupa nyeupe ya maji. Ikatoka kitu cha rangi ya chai, na chini ya chupa ukatulia mstari wa maji na matope laini mekundu. Petroli ya miaka inaacha gundi, na tenki likiwa nusu tupu linafanya kutu na maji ndani.

Fungua bakuli. Utaona floti, sindano yake, jeti kubwa katikati na pembeni yake jeti ndogo ambayo tundu lake ni dogo kiasi kwamba ukiliinua kuelekea jua unapaswa kuona nukta ya mwanga. Mimi sikuona kitu. Hiyo jeti ndogo ndiyo inayolisha injini wakati wa kuwaka na wa sailensa, yaani inapounguruma bila kuvutwa mafuta. Ikiziba, pikipiki haiwaki hata ungepiga kiki mpaka jioni. Iloweke kwenye dawa ya kabureta, kisha pitisha uzi mmoja wa nailoni, ule wa kuvulia samaki ni mzuri, halafu puliza kwa upepo. Usipitishe waya wala sindano. Shaba ni laini, ukilikwangua tundu linapanuka na mchanganyiko hautakaa sawa tena.

Ile skrubu ya kurekebisha mchanganyiko, kabla ya kuitoa ifunge taratibu hadi ikae, ukihesabu mizunguko, uandike kwenye karatasi. Ukiirudisha unaanzia palepale. Safisha na tenki, angalia chujio cha koki, na weka chujio kidogo cha plastiki kwenye mpira wa petroli. Kwa tenki lenye kutu hicho ni lazima.

Jambo moja kuhusu mwinuko. Dodoma iko zaidi kidogo ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi kuliko Dar, kwa hiyo pikipiki iliyokuwa ikienda vizuri pwani inaweza kuonekana huku imepoteza nguvu kidogo na plagi ikawa nyeusi zaidi. Hiyo peke yake si ugonjwa. Usikimbilie kubadilisha jeti kubwa, safisha kwanza.

Moto wa plagi ni rahisi kuupima. Toa plagi, ivalishe kofia yake, ilaze ubavu wake uguse chuma cha injini mbali na tundu, piga kiki kivulini. Cheche ya bluu inayolia ni nzuri. Nyekundu dhaifu au hakuna, fuata waya kabla ya kununua koili na CDI (kisanduku kinachoongoza moto wa plagi): swichi ya kuzimia, kofia ya plagi, na pale waya wa ethi unapofungwa kwenye fremu. Kutu ya pale tu inatosha kuizima pikipiki nzima. Betri ikiwa imepumzika isome karibu volti 12.6, na injini ikiwa kwenye mwendo isome 14 na kitu. Ikipita 15 rektifaya, kifaa kinachodhibiti chaji, imekufa na itakuulia betri na taa.

Baada ya hapo yangu iliwaka. Ilikuwa na kelele za tapeti (skrubu za kurekebisha uwazi wa valvu) na moshi kidogo wa bluu asubuhi, lakini iliwaka, ikiwa haijafunguliwa bolti hata moja ya hedi.

Mdau (Kondoa)

Mkuu, uzi umetulia. Naongezea jambo la huku kwetu: sili za shokapu za mbele. Tangu lami ya Dodoma hadi Babati ikamilike watu wanakuja na mwendo, halafu wakiiacha lami kuelekea vijiji vya Kolo kutazama michoro ya mapangoni wanaingia kwenye mawe na changarawe. Wiki inayofuata mafuta yanavuja kwenye shokapu, wananunua sili mpya.

Mara nyingi sili haijafa, imeingiliwa na mchanga. Kata kipande chembamba cha plastiki ya chupa ya maji, kilainishe ukingo, chonga kijindoano kidogo. Ondoa mpira wa juu wa kuzuia vumbi, pitisha kile kipande kati ya sili na bomba, kizungushe bomba lote. Kinatoka na mchanga mweusi wenye mafuta. Futa, bonyeza shokapu mara kadhaa, futa tena. Ikiacha kuvuja umeokoa hela. Ikiendelea, pitisha ukucha kwenye bomba ukitafuta mikwaruzo, maana bomba lenye mkwaruzo litakata hata sili mpya.

Afisa ugani (Chamwino)

Kaka, asante kwa darasa. Mimi natumia Yamaha DT125, mipigo miwili, naizungusha vijijini kila siku. Je, utaratibu wako unafaa kwa mipigo miwili au ni wa Honda tu? Yangu ilikaa stoo muda mrefu kabla sijapewa, sasa inatoa moshi mweupe mwingi na oili ya giaboksi inapungua ingawa chini hakuna hata tone.

Mleta uzi (Nzuguni)

Dada, breki, magurudumu, cheni, eya klina na kabureta ni vilevile. Tena kwenye mipigo miwili njia ya hewa ni nyeti zaidi. Mpira wa kabureta ukipasuka, hewa ya ziada inaingia, mchanganyiko unakuwa mkavu, joto linapanda na pistoni inakamata. Fundi wa Majengo yuko humu, naomba akujibu hilo la giaboksi, yeye amezishika DT nyingi kuliko mimi.

Fundi (Majengo)

Mama ugani, oili inayopungua bila kudondoka inakwenda mahali, na mahali penyewe ni ndani ya injini. Krenki ya DT ina sili pande mbili. Ile ya upande wa klachi inatenganisha giaboksi na chumba cha krenki. Pikipiki ikikaa miaka sili inakauka na kuwa ngumu, injini inavuta oili ya giaboksi na kuiunguza. Ndiyo moshi wako mweupe. Pima kiwango, jaza hadi alama, tembea siku chache, pima tena. Ikishuka, ni sili. Usiache, kwa sababu siku giaboksi ikikauka utalipa gia.

Na ya upande wa magneto uitazame pia. Ile ikichoka haili oili, inaingiza hewa, na hapo pistoni inaungua. Dalili yake ni sailensa kupanda yenyewe na kukawia kushuka ukiachia mafuta.

Pampu ya oili usiruhusu mtu aitoe. Wakati bado hujaiamini, changanya oili kidogo kwenye tenki huku pampu ikifanya kazi, toa hewa kwenye mrija wake, hakikisha alama za kebo yake zinalingana. Ekzosi nayo itolewe masizi, DT zinazotembea taratibu vijijini huziba pale shingoni na watu wanasema injini imechoka.

Sasa nina neno na mleta uzi. Umesema injini iwe ya mwisho. Nakubali kwa inayozunguka. Ikiwa imeganda, kiki haishuki kabisa, utasafisha kabureta ya nini? Hapo injini ni ya kwanza. Nimeona vijana wanasimama na miguu yote miwili juu ya kiki, wanavunja gia ya kiki.

Mleta uzi (Nzuguni)

Fundi, hilo tuko pamoja. Iliyoganda haipigwi kiki wala kusukumwa kwenye gia. Ila hata hiyo naomba isifunguliwe siku ya kwanza. Toa plagi, mimina oili nyepesi au dizeli kupitia tundu, iache ilowe siku kadhaa ukiongeza, kisha jaribu taratibu kwa spana kwenye nati ya magneto, mbele na nyuma kidogo kidogo. Nyingine imekamatwa na kutu nyembamba tu. Ikikataa, basi hedi ishuke, na wewe ndiye utakayeitwa.

Kijana wa UDOM

Wakuu, mimi ndiyo naanza kabisa, nina XR kama ya mleta uzi. Hiyo tapeti inarekebishwaje, na oili je? Na nina hela kidogo, nianze kununua nini?

Mleta uzi (Nzuguni)

Mdogo wangu, hela yako igawe hivi: tairi, cheni na breki kwanza, sponji ya eya klina na oili pili, vingine vyote vikae kwanza. Usinunue kifaa cha umeme kwa kubahatisha. Maduka hayarudishi CDI ukishaijaribu. Vifaa: seti ya spana na soketi 8 hadi 19, bisibisi za nyota zilizo imara, kipimo cha umeme cha bei ndogo, na zile bapa za kupimia uwazi wa tapeti. Usipuuze bisibisi. Skrubu za Honda zikilika kichwa utahangaika nazo kuliko injini yenyewe.

Oili: iwashe ipate moto, kisha itoe ikiwa moto ili uchafu utoke nayo. Injini ya ukoo wa CG haina filta ya karatasi. Ina chujio la waya chini, na ndani ya kava la klachi kuna kikombe kinachozunguka na krenki, kinachotupa uchafu pembeni kwa mzunguko. Mafundi wengi wanabadilisha oili miaka na miaka bila kukigusa. Mimi nilipokifungua nilikuta ukuta wa tope la kijivu, gumu, nikalikwangua kwa kijiti cha mbao. Ukikifungua uwe na gasketi mpya ya kava. Oili iliyotoka ipitishe kwenye kitambaa cheupe: ukiona ungaunga wa kung'aa mwembamba ni kawaida ya chombo cha zamani, ukiona vipande vya kushika kwa kidole simama, mwite fundi. Inayoingia ni karibu lita 1, pima kwa kijiti cha kipimo, na iwe oili ya pikipiki, kwa sababu klachi inaogelea humohumo na oili za magari zenye dawa za utelezi huifanya iteleze.

Tapeti atakueleza fundi.

Fundi (Majengo)

Tapeti inafanywa injini ikiwa baridi kabisa, ikiwezekana imelala usiku. Toa plagi ili izunguke kirahisi, fungua kava la juu la hedi. Zungusha magneto hadi alama ya T ilingane na alama ya kava. Hapo pistoni iko juu, lakini inafika juu mara mbili kwa mzunguko wa kazi. Unayoitaka ni ile ya mwisho wa kubana. Tikisa roka zote mbili, vile vimikono vinavyosukuma valvu, kwa vidole: zikicheza kidogo zote, uko sawa. Moja ikiwa imekaza, zungusha tena mara moja kamili.

Kwa CG125 uwazi ni milimita 0.08 ya kuingiza na ya kutoa. Bapa ipite kwa mguso, isilegee na isikwame. Shikilia skrubu wakati unakaza nati, kisha pima tena, maana nati ikikaza inaizungusha skrubu. Msikaze tapeti ili kuua kelele. Kelele kidogo ni afya. Tapeti iliyobana inaacha valvu wazi kidogo, kompresa inavuja, valvu inaungua, na kuwaka asubuhi kunakuwa taabu. Pikipiki ngapi nimeletewa "hazina kompresa", nikalegeza tapeti tu zikawaka.

Mleta uzi (Nzuguni)

Hilo la mwisho wakuu lisomeni mara mbili. Ndilo lililokuwa kwangu. Tapeti ya kutoa ilikuwa haipitishi hata bapa nyembamba kuliko zote. Baada ya kuipa nafasi yake, kiki ikawa nzito na moto unashika mapema. Injini iliyosemwa imekufa ilikuwa na jeti iliyoziba na tapeti iliyobanwa.

Majaribio ya kwanza fanyeni karibu na nyumbani, njia ambayo ukikwama unapata msaada. Mimi nilianza Nzuguni na Ihumwa, kisha njia ya Hombolo ambayo ina kila kitu: lami, vumbi, mchanga wa makorongo. Kwenye mchanga watu hushusha upepo hadi karibu psi 18 ili tairi ishike, lakini tairi hizi zina tyubu. Ukishusha sana tairi inateleza kwenye rimu na kuivuta tyubu, valvu inalala upande na mwisho inachanika shinani. Ukiona valvu imelala, simama uirekebishe. Ukirudi lami jaza. Miiba ya migunga ya huku haina huruma, kwa hiyo liva mbili za tairi, viraka, gundi na pampu viwe chini ya kiti kabla ya safari yoyote ya nje ya mji. Kofia ngumu na glovu ni kabla ya hayo yote.

Ukirudi, ikague tena yote. Bolti za injini, za ekzosi na ekseli hulegea kwenye mitetemo ya kwanza baada ya kufunguliwa.

Mdau (Manyoni)

Mleta uzi, nimefuata yote. XL125 yangu eya klina mpya, kabureta safi, tapeti nimepanga. Inawaka vizuri lakini moshi wa bluu hauishi, hasa nikivuta mafuta kupanda mlima. Sasa nifungue?

Mleta uzi (Nzuguni)

Mkuu, sasa umefika pale injini inapostahili kuguswa, na bado kuna kipimo kimoja cha bure kabla ya kuifungua. Piga kiki kwa mkono wako ukihisi uzito wake. Kisha toa plagi, mimina kijiko cha chai cha oili kupitia tundu, zungusha mara chache ili isambae, rudisha plagi, sikiliza tena uzito. Ukiongezeka waziwazi, oili imeziba mwanya wa ringi, maana yake ringi au bloku vimechoka. Usipobadilika, uvujaji uko kwenye valvu.

Angalia na wakati wa moshi. Ukitoka kwa wingi unapovuta mafuta ni dalili ya ringi. Ukitoka fungu moja asubuhi unapowasha, au pale unapoachia mafuta ukishuka mlima kisha ukavuta tena, ni sili za valvu, na hizo hazihitaji bloku kutolewa. Mweusi ni petroli nyingi, rudi kwenye kabureta na eya klina.

Ikiwa ni ringi, usinunue ringi kwanza. Toa bloku, ipeleke kwa mchongaji mwenye kipimo cha kweli aipime juu, katikati na chini, pande mbili. Kama imeliwa na kuwa yai, ringi mpya hazitakaa, itabidi ichongwe na upate pistoni ya saizi inayofuata. Pistoni inunuliwe kabla ya kuchonga, mchongaji aifuate hiyo pistoni iliyo mkononi mwake.

Fundi (Majengo)

Na baada ya kuchonga aioshe bloku kwa maji ya moto na sabuni, si petroli tu. Unga wa jiwe la kuchongea unabaki kwenye mistari. Futa kwa kitambaa cheupe chenye oili hadi kitoke cheupe. Kisha kwenye kilomita za mwanzo usiivute mafuta hadi mwisho na usiiache kwenye sailensa muda mrefu. Ipandishe na kuishusha, halafu badilisha oili mapema.

Wa Manyoni, fanya hicho kipimo cha kijiko, halafu weka hapa picha ya plagi na ya mdomo wa kabureta. Tuone kwanza kama vumbi bado linaingia.